Jinsi ya kuzunguka Vienna na watoto bila kufilisika na bila kuwachosha na muziki

Kabla hujaangalia bei ya ndege angalia mwezi kwanza, maana hapo ndo wengi wanapopigwa. Opera kubwa ya Vienna, mji mkuu wa Austria, inaitwa Staatsoper (opera ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa), msimu wake unaanza Septemba unaisha mwisho wa Juni, Julai na Agosti wanafunga, na kwa baadhi yetu ndo miezi ambayo watoto wako nyumbani. Kwahiyo mtu anaenda Agosti na familia nzima, kajipanga mwaka mzima, anafika mji wa Mozart, yule mtunzi maarufu wa muziki, anakuta mlango umefungwa, kilichobaki ni wauza tiketi waliovaa mawigi meupe mtaani (nitawarudia hao). Kama uko Tanzania na shule zimefunga mwanzoni mwa Juni, wahi hiyohiyo Juni, usisubiri. Wa Kenya mna likizo ya Aprili, na Aprili ni nzuri sana, baridi imelegea na miti inachanua. Desemba nayo ina utamu wake wa masoko ya Krismasi yenye taa na machungwa na karanga za kukaanga, ila ni baridi ya sifuri sifuri hivi na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia.

Na kama Agosti ndo nafasi pekee uliyonayo, nenda tu, usijinyime. Mbele ya Rathaus, jumba la manispaa, Julai na Agosti wanaweka skrini kubwa mno wanaonyesha opera na matamasha bure, pembeni vibanda vya chakula vya kila aina, watoto wanakimbia huku na huku na hakuna wa kuwanyamazisha. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne mimi naona ni bora hata kuliko opera yenyewe.

Viza ni Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Mtu mzima euro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 euro 45, chini ya 6 halipi. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, na ushauri wangu omba mapema kadri unavyoweza maana kupata apointimenti kwa watu wanne siku moja ni mtihani kuliko viza yenyewe. Bima ya safari ya kila mmoja iwe inafika walau euro 30,000. Mkiwa safarini mzazi mmoja tu na watoto, beba barua ya ridhaa ya mzazi mwenzio na vyeti vya kuzaliwa, nakala na orijino, kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ndege zipo, Ethiopian wanatoka Addis wanatua Vienna, Turkish wanapitia Istanbul, Qatar wanapitia Doha, linganisha tu. Kwa watoto mimi naangalia muda wa kusubiri katikati kuliko bei, saa tisa za kukaa uwanja wa ndege na mtoto mdogo zinakula hela zote ulizookoa, kwenye chipsi na juisi.

Makoti msinunue kule. Pita mitumba ya Karume au Gikomba mwezi kabla ya kuondoka, makoti ya Ulaya yamejaa pale, yanarudi kwao tu. Mvalishe mtoto nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine badala ya sweta moja nzito, maana ndani ya treni na makumbusho kuna joto, utakuwa kazi yako kuvua na kuvalisha siku nzima.

Ukitua usikimbilie treni ile ya haraka yenye matangazo kila ukuta, ni ya bei. Treni ya kawaida S7 inakupeleka mpaka kituo cha Wien Mitte kwa sehemu ndogo ya hiyo bei, na kuna treni za masafa marefu zinaenda kituo kikuu, Hauptbahnhof, kama robo saa tu. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi usafiri wa mjini. Kuhusu tiketi sikiliza vizuri: vituo vya metro havina mageti, unaingia tu kama sokoni, na hapo ndo mtego. Wakaguzi wapo, wengine wanavaa nguo za kawaida kama abiria, na faini inazidi euro 100 kwa kichwa. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa mhuri kwenye kale kamashine mlangoni inahesabika kama huna tiketi. Ukinunua kwenye apu ya Wiener Linien, kampuni ya usafiri wa mjini, unaepuka yote hayo.

Kulala, achana na mtaa wa kwanza, ni mzuri ila unalipia jina. Angalia postikodi ya tangazo, tarakimu mbili za katikati ndo namba ya mtaa, 1020 ni wa pili, 1030 wa tatu, 1100 wa kumi, ukijua hilo hakuna mwenye nyumba atakayekuambia "karibu na katikati" ukadanganyika. Mtaa wa pili upande wa Prater, ile bustani kubwa yenye michezo ya kupanda, unafaa sana familia, kuna nafasi, kuna metro ya U1, kuna viwanja vya watoto kila kona. Tafuta apatimenti yenye jiko, mkipika chai na mayai asubuhi mshaokoa hela ya makumbusho. Ila msibebe nyama wala vitu vya maziwa kutoka nyumbani, haviruhusiwi kuingia. Na maji kunyweni ya bomba! Najua inaogopesha, sisi tumelelewa kuchemsha, ila maji ya Vienna yanashuka kwa bomba kutoka milimani tangu mwaka 1873, ni masafi na matamu, hata mtaani kuna mabomba ya kunywa. Kila mtoto awe na chupa yake.

Sasa mpangilio wa siku, na hapa ndo siri yote ilipo. Kitu kimoja cha muziki kwa siku, kifupi, alafu kitu kimoja cha kukimbia. Basi. Ukiwapeleka nyumba ya Mozart asubuhi, nyumba ya Beethoven mchana, tamasha usiku, siku ya pili wataanza kulia wakisikia fidla. Vienna ina nyumba za wanamuziki nyingi mno, Beethoven peke yake alikuwa anahama kama mpangaji mwenye madeni, ukisema uzimalize zote utakufa na uchovu.

Anzia Haus der Musik, Seilerstätte 30, hata kama mna siku mbili tu. Ni makumbusho ya sauti na kila kitu kinashikwa. Ngazi za kuingilia zinalia kama piano ukizikanyaga, hapo tu utapoteza dakika ishirini. Juu kuna skrini yenye okestra ya Vienna Philharmonic, mtoto anapewa kijiti anaiongoza, akiharakisha wanaharakisha, akilegea wanalegea, akiharibu kabisa wanasimamisha muziki na kumsema. Foleni ya pale wazazi ni wengi kuliko watoto, wanajifanya wanamsaidia mtoto. Na hilo jengo ndo alipokuwa anaishi Otto Nicolai, mwanzilishi wa okestra hiyohiyo mwaka 1842, kwahiyo makumbusho hayajawekwa pale kibahati tu.

Mozarthaus, Domgasse 5, nyuma ya kanisa la Stephansdom, Mozart alipanga hapo kuanzia 1784 mpaka 1787. Maoni yangu ya ukweli: kwa mtoto chini ya miaka tisa kumi hivi, ruka. Ni vyumba na maelezo, fanicha zake hazipo. Simameni nje, mwambie alikaa hapa, piga picha, alafu mkapande mnara wa kusini wa Stephansdom, ngazi 343 za mzunguko, mnara wenyewe mita 136. Watoto wanafika juu wanacheka, wewe unafika unatafuta pa kukaa. Asiyeweza ngazi kuna lifti mnara wa kaskazini kwenye kengele kubwa ya Pummerin. Mozart alifungia ndoa kwenye kanisa hilo mwaka 1782, na 1791 ibada ya mazishi yake ikafanyika hapohapo.

Hapo nje ya kanisa na pale Opera ndo utakutana na wale vijana wa mawigi na makoti mekundu. Ni watu wa heshima tu wanatafuta riziki, wengine wana maneno matamu kuliko dalali wa viwanja. Ila tiketi wanazouza sio za Staatsoper, ni matamasha ya watalii, nyimbo zinazojulikana zilezile, kwenye kumbi tofauti. Kabla ya kutoa hela uliza ukumbi gani, kiti kiko wapi, na bei ya mtoto, alafu usilipe hapohapo, nenda kanywe kahawa kwanza ufikirie.

Opera yenyewe sasa. Watu wanadhani lazima euro 200 na suti. Staatsoper ina nafasi za kusimama, mamia, zinauzwa siku hiyohiyo ya onyesho kwa bei ambayo ni chini ya euro 20, na sio nafasi mbaya, zile za chini zipo katikati kabisa nyuma ya viti vya matajiri. Kila nafasi ina kaskrini kadogo ka tafsiri. Ukishapata sehemu yako unafunga skafu kwenye chuma ya kuegemea, ni desturi yao, ikishafungwa hakuna anayeigusa, mnaenda kula. Mtandio au kanga inafanya kazi vizuri tu na hamtapotea hata kidogo. Makoti na mabegi mnaacha mapokezi ya nguo. Suruali safi na shati inatosha, kaptula na ndala hapana. Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea mimi ningempeleka tendo la kwanza, mapumziko yakifika muulize, akisema kachoka mnaondoka bila kinyongo, kwa bei hiyo hakuna kilichoharibika. Jengo lilifunguliwa mwaka 1869, mabomu yakalichoma Machi 1945, wakalifungua tena Novemba 1955, na mchana kuna matembezi ya kulizunguka ndani kama usiku hamuwezi.

Wadogo zaidi wana nyumba yao. Desemba 2024 Staatsoper ilifungua ukumbi wa watoto na vijana unaitwa NEST, ndani ya Künstlerhaus karibu na Karlsplatz, maonyesho mafupi na watoto wako karibu na waimbaji. Kijerumani hawataelewa lakini katuni ngapi wanaangalia lugha hawajui na wanacheka. Na kuanzia Aprili mpaka Juni, alafu Septemba, pembeni ya Opera wanaweka skrini nje, uwanja wa Herbert von Karajan, onyesho la ndani linarushwa moja kwa moja, viti vipo, bure. Mtoto akilala unambeba unaondoka.

Kwa wanaosali, Jumapili saa tano asubuhi nendeni Augustinerkirche, misa kubwa yenye kwaya na okestra kamili wakipiga misa za Haydn au Mozart au Schubert, na ni misa kweli sio shoo, unatoa sadaka tu. Wale wavulana maarufu wa kwaya ya Vienna wanaimba Hofburgkapelle, kanisa dogo la ikulu ya zamani, saa tatu na robo asubuhi Jumapili, Septemba mpaka Juni, viti vya kule mnanunua mapema.

Schönbrunn, ikulu ya zamani yenye bustani, ipeni siku nzima, U4 inafika. Hapo ndo mwaka 1762 Mozart akiwa na miaka sita alimpigia malkia Maria Theresia, na inasemekana akamrukia mapajani, hadithi ambayo watoto wote wanaipenda kwasababu hakuchapwa. Ikulu ina vyumba 1,441, wageni wanaona vichache tu na hivyo vichache vinatosha, tiketi ina saa yake ya kuingia kwahiyo nunua mtandaoni. Bustani ni bure kabisa, na kile kilima cha Gloriette ndo sehemu ya kuwamaliza nguvu. Pembeni kuna zuu ya mwaka 1752, ya zamani kuliko zote duniani ambazo bado zinafanya kazi. Bei yake sio ndogo. Sasa kutoka Afrika Mashariki kwenda kulipa euro kuangalia twiga na tembo ni kichekesho, wanangu niliwaambia hao tutawaona Mikumi, tukaenda moja kwa moja kwa wale panda weusi kwa weupe na dubu wa barafu.

Makumbusho ya taifa mtu chini ya miaka 19 anaingia bure, na hii watu wengi hawaijui mpaka wanafika dirishani. Naturhistorisches yenye dinosaria, Kunsthistorisches na Belvedere za sanaa, Technisches Museum ya ufundi, zote. Beba pasi au nakala kuonyesha umri. Pale Heldenplatz kwenye Neue Burg kuna vitu viwili kwenye jengo moja, mkusanyiko wa vyombo vya muziki vya kale, na Weltmuseum, makumbusho ya tamaduni za dunia. Weltmuseum msipite hivihivi. Oscar Baumann alizaliwa Vienna, ndo Mzungu anayetajwa wa kwanza kuiona Ngorongoro, mwaka 1892, akija na msafara wenye silaha, baadaye akawa konsuli wa Austria-Hungaria Zanzibar, na vitu alivyokusanya huku kwetu vikaishia kwenye makumbusho hayo. Mtoto wa sekondari muulize anadhani vilipatikanaje, mtazungumza mpaka chakula cha jioni.

Kama mtoto ameshakomaa mwambie pia habari ya Angelo Soliman. Mwafrika aliyeletwa Ulaya mtoto kama mtumwa, akawa msomi, mwalimu wa watoto wa kifalme kwenye nyumba ya Liechtenstein, mwanachama wa frimasoni enzi za Mozart, mtu aliyeheshimika mjini. Alipokufa 1796 wakamchuna ngozi wakaijaza wakaiweka kwenye makumbusho ya mfalme, binti yake akalalamika hakusikilizwa, ikaja kuungua kwenye vurugu za 1848. Sio habari ya likizo, najua. Lakini kuzunguka mji ule siku tano ukisikia wigi na waltzi tu, bila huyo, ni kusikia nusu.

Makaburini mnaenda? Nendeni. Zentralfriedhof, tramu namba 71 inafika mpaka geti la pili, Tor 2, na wazee wa Vienna mtu akifa wanasema kapanda 71. Ni bure na ni kubwa, kama kilomita za mraba 2.5, hata paa wanakatiza humo. Sehemu ya makaburi iitwayo kundi la 32A wamelala Beethoven, Schubert, Brahms na Johann Strauss mtoto, Beethoven na Schubert walihamishiwa hapo 1888. Mozart ana mnara tu, yeye alizikwa makaburi ya St. Marx na sehemu kamili haijulikani. Watoto watakachokumbuka ni kaburi la mwimbaji Udo Jürgens, piano kubwa nyeupe kama imefunikwa shuka. Waambie wasikimbie, kuna watu wanazika kweli.

Jioni moja ni ya Prater. Kuingia bure, unalipia kila mchezo, kwahiyo toa bajeti mkononi mwa mtoto mwenyewe, hela ikiisha imeisha, kelele zinapungua sana. Gurudumu la Riesenrad ni la mwaka 1897, karibu mita 65, vibanda 15, linaenda polepole hata bibi anapanda. Kiangazi mkichoka kuta za mawe pandeni U1 mshuke Donauinsel, kisiwa cha kutengeneza chenye urefu wa kilomita 21, mnaogelea bure. Na msishangae Danube sio ya bluu na haipiti katikati ya mji, ule mto mdogo mnaouona mjini ni mfereji.

Chakula. Waislamu na wasiokula nguruwe hapa msome vizuri. Menyu ikiandika Wiener Schnitzel peke yake kisheria ni nyama ya ndama, ikiandika "vom Schwein" au "Wiener Art" hapo ni nguruwe, au nyama nyingine ila sio ndama. Ndama wa kawaida bado sio halali, kwahiyo kwa halali mtafute maduka ya Waturuki, yapo mengi, soko la Brunnenmarkt mtaa wa 16 ndo kitovu, matunda bei nzuri na mikate inatoka motoni. Soseji za vibanda vya mtaani chukulia ni nguruwe mpaka muuzaji aseme vingine. Keki ya pinki inaitwa Punschkrapfen, watoto wataililia, ina rumu. Kaiserschmarrn, ile chapati ya maji iliyochanwachanwa yenye sukari, ni chakula cha watoto hasa, ila uliza kama zabibu zimelowekwa kwenye rumu. Msikiti mkubwa uko Floridsdorf, ulifunguliwa 1979, U6 mnashuka Neue Donau. Mkahawani mnaweza kukaa saa mbili na kikombe kimoja hakuna atakayewafukuza, weita akinuna msimchukulie vibaya, ndo sura yao. Bakshishi unaitaja wakati wa kulipa, bili 18 unasema 20, huachi mezani.

Jumapili maduka yanafungwa, hata supamaketi, yamebaki ya kwenye vituo vikubwa kama Hauptbahnhof na Praterstern, na foleni yake ni kama ya mabasi ya mwendokasi Dar saa kumi na moja jioni. Nunueni maziwa na mkate Jumamosi. Mtaani njia ya baiskeli sio ya kutembelea, watoto wetu wanaipenda kwasababu ni laini, na wale waendesha baiskeli hawapungui mwendo. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia.

Mkinunua vitu duka moja kwa risiti inayozidi euro 75 na mnaishi nje ya Umoja wa Ulaya, ombeni fomu ya kurudishiwa kodi hapohapo dukani, alafu uwanja wa ndege nendeni forodha kabla ya kukabidhi sanduku, maana wana haki ya kutaka kuona kile kitu. Wahini saa moja zaidi siku hiyo, foleni ya forodha haijali kwamba una watoto.